Pilipili na Mahujaji Katika Jangwa la Aydhab

Mwezi Juni 1183, katika jangwa linalotenganisha mto Naili na Bahari ya Shamu, hujaji mmoja kutoka Andalusia alijaribu kuhesabu misafara ya ngamia aliyopishana nayo njiani. Jina lake Ibn Jubayr. Kwao Granada alikuwa katibu wa gavana, mtu wa kalamu na daftari, lakini hesabu ile ilimshinda. Misafara iliyotoka pwani ilifuatana bila kukatika, na mizigo yake ilikuwa mali ya Bara Hindi iliyopitia Yemen: mdalasini, viungo vya kila aina, na kuliko vyote pilipili manga. Pilipili ilikuwa nyingi hata akaona kwamba mtu angeweza kudhani haina thamani kuliko mchanga inakopita.

Kisha akaona jambo lililomshangaza kuliko wingi huo. Kando ya njia palikuwa na mizigo ya pilipili na mdalasini iliyolala juani bila mlinzi. Ngamia alipochoka au kufa, mwenye mali alishusha mzigo, akauacha palepale, akaendelea na safari mpaka apate mnyama mwingine wa kuurudia. Wapita njia walikuwa wa kila namna, matajiri na mafukara, wacha Mungu na wasiojali. Hakuna aliyeugusa. Zaidi ya karne mbili baadaye al-Maqrizi, mwanahistoria wa Kairo, alipoandika habari za njia hiyo ambayo zama zake ilikuwa imekwisha kufa, alilitaja jambo hilohilo: mali iliyoachwa jangwani na kukutwa kama ilivyoachwa.

Njia ya kutoka Qus hadi Aydhab haina umaarufu wa Njia ya Hariri, wala watoto hawafundishwi habari zake shuleni. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne mbili ilibeba kwa pamoja mambo mawili makubwa ya zama zake. Bidhaa za Bahari ya Hindi zilipanda kutoka pwani kwenda mtoni, na mahujaji wa Misri, Maghribi na Andalusia wakateremka kutoka mtoni kwenda pwani, wakielekea Makka. Ninavyoona mimi, historia yake imesimuliwa kwa upande mmoja. Walioiandika ni wageni waliopita. Walioishikilia ni Wabeja, wenyeji wa jangwa lile, waliojua visima vilipo na wakati gani vinakauka, na hao hawakutuachia kitabu. Basi inatupasa kuwasoma wageni kwa makini, tukiwatafuta wenyeji katikati ya malalamiko yao.

Tuanze na ramani. Naili, ukitoka Aswan kwenda kaskazini, hufika mahali karibu na Qena ambapo hupinda kuelekea mashariki kana kwamba unataka kuifikia bahari, kisha hughairi na kurudi magharibi. Penye pindo hilo ndipo uliposimama mji wa Qus. Kutoka hapo hadi ufuo wa karibu, kwenye bandari ya Qusayr, ni mwendo wa siku chache tu kwa ngamia. Kwa nini basi misafara ilikata jangwa kwa siku kumi na saba hivi, ikielekea kusini-mashariki hadi Aydhab, ng'ambo ya Jeddah, karibu na ulipo leo mpaka wa Misri na Sudan?

Jibu liko kwenye upepo. Nusu ya kaskazini ya Bahari ya Shamu huvuma upepo wa kaskazini karibu mwaka mzima, na kingo zake zimejaa miamba ya matumbawe. Chombo kilichotoka Aden kikiwa na shehena kilikwenda vizuri hadi katikati ya bahari hiyo. Kupita hapo kilipigana na upepo wa mbele kwenye mikondo ya hatari, nahodha akiogopa kusafiri usiku. Afadhali kushusha mali Aydhab na kumwachia ngamia kazi iliyobaki. Mahujaji nao walipata faida yao: kutoka Aydhab ilikuwa ni kuvuka tu, na Jeddah iko mlango wa Makka.

Mwanzo wa bandari hiyo, hata hivyo, ulikuwa dhahabu. Katika karne ya 9 Waarabu walimiminika kwenye machimbo ya Wadi al-Allaqi, ndani ya nchi ya Wabeja, na watu wa kabila la Rabia wakaoana na koo za wenyeji. Kizazi kilichotokana na ndoa hizo ndicho kilichokuja kutawala bandari upande wa Wabeja. Dhahabu ilihitaji mlango wa baharini, na Aydhab ikawa mlango huo kabla pilipili haijawa na jina huko.

Mgeni wa kwanza aliyetupa picha nzuri ya mji huo ni Nasir Khusraw, mshairi na mwanafalsafa wa Kiajemi. Alifika mwaka 1050 kutoka Aswan akiwa njiani kwenda hija, akakwama miezi mitatu kwa kukosa upepo. Aliukuta mji wa watu mia tano, usio na kisima wala chemchemi. Maji ya kunywa yalikuwa ya mvua, na mvua isiponyesha Wabeja waliyaleta kutoka bara wakayauza. Palikuwa na nyumba ya forodha, na hapa msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kutulia kidogo, kwa maana Nasir anataja meli zilizotozwa ushuru hapo zilikuwa zimetoka wapi: Uhabeshi, Yemen na Zanzibar. Zanzibar ya waandishi wa zama hizo haikuwa kisiwa cha Unguja peke yake. Ilikuwa nchi nzima ya Zanji, pwani ya kutoka kusini mwa Mogadishu kwenda chini. Mwaka huo msikiti wa Kizimkazi, ambao maandishi yake ya Kikufi yana tarehe ya 1107, ulikuwa bado haujaandikwa, lakini Shanga katika visiwa vya Lamu watu walikuwa wakiswali msikitini kwa vizazi kadhaa. Bidhaa za watu hao, pembe za ndovu na ambari, ndizo zilizosifika katika masoko ya kaskazini. Tunapoisoma Aydhab, basi, tunasoma habari za ncha moja ya bahari ileile tuliyoizoea, si hadithi ya watu wa mbali.

Nasir alikuwa hana kitu. Rafiki yake wa Aswan alikuwa amemwandikia wakala wake Aydhab ampe msafiri huyo chochote atakachohitaji na amwandikie deni, na wakala akampa. Mji ulipojua kwamba mgeni ni mwanachuoni, wakamwomba awe khatibu wao, akawatolea khutba miezi yote mitatu. Ndipo akaandika juu ya Wabeja jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa msafiri wa zama hizo. Aliwaona si watu waovu. Hawaibi, alisema, wala hawawashambulii wengine; Waislamu na wasio Waislamu ndio wanaowaibia watoto wao na kwenda kuwauza mijini. Maneno hayo tuyashike, kwa sababu yatakuja kukutana na ushahidi wa namna nyingine.

Hadi hapo mahujaji walikuwa na njia nyingine. Hujaji wa Misri alizoea kupita nchi kavu: Sinai, Ayla iliyo kwenye ncha ya ghuba ya Aqaba, kisha kushuka Hijazi. Lakini katika miaka ya 1060, wakati wa khalifa al-Mustansir wa Kifatimiyya, Misri ilipatwa na njaa na fitina za majeshi zilizodumu miaka, na ulinzi wa njia ya Sinai ukavunjika. Kabla haujarudi sawasawa, Wafranji wa Vita vya Msalaba wakaiteka Yerusalemu mwaka 1099, na mwaka 1116 mfalme wao Baldwin akafika Ayla. Njia ya nchi kavu ikawa na kabari katikati yake. Tangu hapo, anasema al-Maqrizi, kwa muda unaopindukia miaka mia mbili, mahujaji wa Misri na Maghribi hawakuwa na njia ya Makka ila jangwa la Aydhab.

Kwa hiyo Qus ikanenepa. Ilikuwa mji wa mkoa. Ikawa mji wa pili baada ya Kairo na Fustat. Mahujaji walipanda Naili kwa mashua wiki mbili au tatu, wakashukia hapo, wakakutana na wafanyabiashara wa Yemen, Bara Hindi na Uhabeshi waliokuwa wakishuka na mali. Gavana wa Qus alikuwa mtu mzito katika dola. Talai ibn Ruzzik, aliyekuwa waziri wa Misri tangu mwaka 1154, aliuwekea msikiti wa Qus mimbari ya mbao ambayo ni miongoni mwa kazi nzuri za useremala zilizobaki kutoka zama za Wafatimiyya. Nje ya mji, kwenye mitende, palikuwa na uwanja wa kukusanyika. Hapo mizigo ilipimwa, bei ya ngamia ikakubaliwa, viriba vikajazwa.

Miongoni mwa waliopita Qus katika miaka hiyo alikuwa Myahudi kijana aitwaye David, mfanyabiashara wa vito. Kaka yake alikuwa Musa ibn Maymun, tabibu na mwanasheria ambaye Ulaya inamjua kwa jina la Maimonides. Karibu mwaka 1170 David alimwandikia kaka yake barua kutoka Aydhab, na barua hiyo ipo hadi leo, kwa kuwa ilihifadhiwa katika ghala la karatasi la sinagogi la Fustat. Ni barua ya mtu aliyeponea chupuchupu. Yeye na mwenzake waliachana na msafara, wakakata jangwa peke yao bila kujua ukubwa wa hatari waliyoiingia. Walifika salama. Msafara waliouacha uliingia baada yao ukiwa umeporwa, watu wamejeruhiwa, wengine wamekufa, na waliokufa wengi waliuawa na kiu. Kule bandarini David hakukuta bidhaa ya kununua, akaamua kuendelea hadi Bara Hindi. Anamtaka kaka yake asihuzunike na ampoze mke wake. Hakurudi. Alizama katika Bahari ya Hindi na mali yake, na mali ya kaka yake, na ya watu wengine. Musa aliugua kitandani karibu mwaka mzima, na miaka minane baadaye aliandika kwamba bado hajapata faraja.

Barua hiyo inatuzuia tusiifanye njia ya Aydhab kuwa pepo ya uaminifu. Pilipili iliachwa njiani bila kuguswa, na kwenye njia hiyohiyo watu waliporwa. Mambo yote mawili ni kweli, na hayapingani. Mzigo ulioachwa ulilindwa na maslahi ya kila aliyeishi kwa njia ile: mwenye ngamia, kiongozi wa msafara, mwenye kisima, mtoza ushuru. Wizi mmoja uliozoeleka ungeipeleka biashara yote bandari nyingine. Palipokuwa na makubaliano kati ya watawala wa Qus na koo za Wabeja, njia ilikuwa salama; makubaliano yakilegea, jangwa lilirudi kuwa jangwa. Na hakuna askari wa Kairo aliyeweza kulinda mwendo wa siku kumi na saba usio na maji bila ruhusa ya wenye visima.

Sasa turudi kwa Ibn Jubayr. Inasimuliwa kwamba gavana wa Granada alimlazimisha kunywa vikombe saba vya mvinyo, kisha kwa majuto akamjazia vikombe hivyo dinari za dhahabu, na kwa fedha hiyo katibu akaenda Makka kutafuta toba. Aliondoka Februari 1183 na kushuka Iskandaria mwezi Machi. Huko alikuta mji mzima umetoka nje kutazama mateka wa Kifranji wakiingizwa juu ya ngamia, nyuso zikielekezwa mkiani, ngoma na baragumu zikipigwa. Walikuwa mabaki ya shambulio lililoitikisa njia aliyokuwa akielekea. Renaud de Châtillon, bwana wa ngome ya Kerak, alikuwa ameunda meli, akazibeba vipandevipande juu ya ngamia hadi ghuba ya Aqaba, akaziunga na kuziteremsha katika bahari ambayo meli ya Kifranji haikuwahi kuonekana. Watu wake walifika Aydhab. Walichoma vyombo, ambavyo Ibn Jubayr anavitaja kuwa karibu kumi na sita, wakakamata meli ya mahujaji na meli mbili za biashara kutoka Yemen, wakaua msafara mzima uliokuwa ukitoka Qus, na kuteketeza chakula kilichokusanywa kwa ajili ya Makka na Madina.

Misri ilijibu kwa njia ileile. Amiri wa bahari Husam al-Din Lulu alivusha meli zake nchi kavu, akawafukuza hadi pwani ya Hijazi, akawashika. Wengi waliuawa katika miji ya Misri, wawili wakapelekwa Mina kuuawa mbele ya mahujaji. Renaud mwenyewe hakuwamo. Sultani Salahuddin alikutana naye miaka minne baadaye, baada ya vita vya Hattin, akamuua kwa mkono wake.

Msafara wa Ibn Jubayr ulitoka Qus ukifuata vituo ambavyo majina yake ameyaandika kimoja baada ya kingine, na kimoja kiliitwa kwa ajili ya watumwa wawili waliokufa hapo kwa kiu. Wenye uwezo walisafiri ndani ya vitanda viwili vilivyofungwa ubavuni mwa ngamia, kimoja kila upande, vyenye kivuli juu, ambamo mtu aliweza kusoma msahafu, kulala, au kucheza sataranji na mwenzake. Wasio na uwezo walipanda juu ya mizigo, joto la kiangazi likiwachoma.

Aydhab aliyoikuta mwishoni mwa Juni haikuwa tena mji wa watu mia tano. Haikuwa na ukuta, na nyumba nyingi zilikuwa vibanda vya makuti na matete, nyingine mpya za chokaa, lakini anaihesabu miongoni mwa bandari zenye shughuli nyingi kabisa duniani. Visiwani karibu yake watu walizamia lulu. Chakula chote kililetwa, na maji pia. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Aydhab iliishi kwa methali hiyo mwaka mzima: kila mwenye nyumba alipangisha, na matajiri walikuwa na chombo kimoja au zaidi cha kuvushia mahujaji.

Vyombo hivyo viliitwa jalba, na maelezo ya Ibn Jubayr yangefahamika papo hapo kwa fundi yeyote wa Lamu wa siku za mitepe. Havikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, nyufa zikatiwa kalafati ya nyuzi za mtende, kisha chombo kizima kikapakwa samli, au mafuta ya mbarika, au sifa ya papa, ambayo ndiyo bora kwa kuwa hulainisha mbao na kamba zisikatike chombo kikigonga mwamba. Tanga lilikuwa jamvi lililosukwa kwa miaa ya mkoma. Mbao na makumbi vilitoka Bara Hindi na Yemen. Mgeni wa Andalusia, aliyezoea meli za Genoa, alivitazama kwa hofu. Baharia wa pwani yetu angejua kwamba chombo kilichoshonwa hulegea na kujipinda palipo na matumbawe, ambapo chombo cha misumari kingepasuka.

Hofu yake ilikuwa na haki upande mwingine. Wenye jalba walijaza watu mpaka wakakaliana, wakitaka kurudisha gharama ya chombo kwa safari moja, na lililotokea baada ya hapo halikuwahusu. Kazi yao, walisema, ni kutoa chombo. Roho ni juu ya hujaji. Upepo mara nyingi ulivisukuma vyombo kusini hadi kwenye ghuba zisizo na watu, mahujaji wakashuka, wakakodi ngamia kwa Wabeja wa milimani, na wengine wakafia njiani.

Kabla ya hapo palikuwa na mateso ya ushuru. Kwa amri ya Makka kila hujaji wa Maghribi alitozwa dinari saba na nusu za Misri, na aliyeshindwa kulipa aliadhibiwa Aydhab kwa namna ambazo Ibn Jubayr anazieleza nami sitazirudia zote. Kuning'inizwa ilikuwa mojawapo. Salahuddin aliifuta kodi hiyo. Hakutoa amri tu. Alimfidia amiri wa Makka kwa dinari elfu mbili, kwa ngano na kwa mashamba, kwa sababu alijua kwamba mtawala aliyenyang'anywa mapato bila badala atayatafuta kwa mlango wa nyuma. Mahujaji walimwombea kila walipopita.

Siku 23 Ibn Jubayr alikaa Aydhab, katika joto kali la mwaka, kabla ya kupanda jalba tarehe 18 Julai na kufika Jeddah siku nane baadaye kwa dhoruba na taabu. Hasira za siku hizo aliwamwagia Wabeja. Aliwaandika kama watu wasio na dini wala akili, walio chini ya wanyama, akashauri wenzake wa Andalusia wapite Shamu au Iraki wasione mji huo. Namheshimu sana Ibn Jubayr kwa macho yake. Bila yeye tusingejua nusu ya haya. Lakini katika jambo hili namwamini zaidi Nasir Khusraw, aliyekaa mara nne zaidi, akala pamoja na watu wa mji na kusimama kwenye mimbari yao. Walioshindilia mahujaji vyomboni walikuwa matajiri wa bandari, na waliowaning'iniza walikuwa maofisa. Ngamia aliyemfikisha Ibn Jubayr baharini akiwa hai, na maji aliyokunywa mjini, vilitoka kwa watu aliowatukana.

Mwaka 1258 njia hiyo ilipokea mtu ambaye jina lake lingeishi kuliko bandari yenyewe. Abu al-Hasan al-Shadhili, mzaliwa wa milima ya Ghumara huko Maghribi, alikuwa ameishi Iskandaria akifundisha, na alizoea kwenda hija kwa kupitia Misri ya Juu. Mara hiyo, wanasimulia wafuasi wake, alimwambia mtumishi wake achukue jembe, kikapu na manukato ya kumpakia maiti. Mtumishi akauliza ni vya nini. Akajibiwa kwamba atajua wakifika Humaithara. Humaithara ni kituo katikati ya jangwa la Aydhab. Hapo shekhe alioga, akaswali rakaa mbili, na katika sijda ya mwisho akafariki. Walimzika hapohapo. Uradi wake wa Hizb al-Bahr, unaosomwa na wasafiri wa baharini, ulikwishaanza kuenea.

Katika muongo uliofuata mahujaji walianza kuipa mgongo Aydhab. Sultani Baybars aliifungua tena njia ya Sinai, na miaka ya 1260 msafara wa Misri ukarudi kupita nchi kavu pamoja na kifuniko cha Kaaba. Wafanyabiashara walibaki. Hao walikuwa hasa wale walioitwa Karimi, matajiri wa viungo waliokuwa na mawakala kutoka Aden hadi Iskandaria, na kwa karibu karne nzima zaidi waliiweka njia hai kwa pilipili peke yake.

Ibn Battuta aliikuta katika hali hiyo mwaka 1326, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Kwenye mji wa Hu, kando ya Naili, sharifu mmoja alimwambia arudi, kwani hija yake ya kwanza haitakuwa ila kwa njia ya Shamu. Kijana hakusikia. Alivuka mto karibu na Edfu, akakodi ngamia, akasafiri siku kumi na tano. Humaithara, alipokwenda kulizuru kaburi la al-Shadhili, fisi walizunguka kambi usiku kucha, na mmoja akapasua gunia lake akaondoka na mfuko wa tende. Aydhab akakuta mapato ya bandari yanagawanywa: theluthi kwa sultani wa Misri, theluthi mbili kwa mfalme wa Wabeja, al-Hadrabi. Mgawo huo peke yake unaeleza nani alikuwa na uzito. Lakini mwaka huo mfalme alikuwa vitani na askari wa sultani; alikuwa amezamisha meli na kuwafukuza. Hapakuwa na chombo cha kuvuka. Ibn Battuta aliuza akiba aliyoiandaa, akarudi Qus, akashuka Naili, akaenda Dameski, na hija yake ya kwanza ikawa kwa njia ya Shamu kama alivyoambiwa.

Miaka michache baadaye, kabla ya kuiona Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alijaribu bahari hiyo tena akitokea Jeddah. Upepo ulimtupa kusini mwa Aydhab, mahali paitwapo Ra's Dawa'ir. Ufuoni alikuta kibanda cha matete kilichojengwa kwa umbo la msikiti, na ndani yake makaka ya mayai ya mbuni, mengi, yaliyojazwa maji. Walikunywa na kupikia. Kisha Wabeja wakawakodisha ngamia na kuwaongoza njia, wakipita nchi yenye swala wengi wasiomkimbia binadamu, kwa sababu Wabeja hawakuwa wakiwala. Huo ndio ukarimu wa wenyeji uliopenya hadi kwenye kitabu cha mgeni: maji yaliyowekwa mahali ambapo mtu asiyejulikana angetupwa na bahari.

Mwisho ulikuja taratibu. Kufikia miaka ya 1360 meli za viungo zilikuwa zimeanza kuipita Aydhab. Tauni ya 1348 ilikuwa imepunguza watu na fedha za Misri, koo za Kiarabu za Misri ya Juu zilikuwa katika uasi usiokwisha, na njaa ya 1403 na 1404 ikaubomoa mji wa Qus. Miaka ya 1420 sultani Barsbay alielekeza biashara Jeddah na kuifanya pilipili kuwa mali ya dola, na Karimi wakafilisika. Karne moja baadaye Leo Africanus alisimulia kwamba sultani wa Misri aliuharibu mji mmoja wa pwani hiyo kwa sababu watu wake walipora msafara wa mali iliyokwenda Makka. Wanahistoria kadhaa wameuona mji huo kuwa Aydhab na kuutia mwaka wa 1426. Ikiwa ndivyo, jeshi lilifika kuzika mji ambao wateja wake walikwisha kuondoka.

Waliouchunguza ufuo huo katika karne ya 20 walikuta mabirika ya maji, kuta za matumbawe zilizoanguka, na vigae vya kauri ya Kichina vya aina zinazookotwa pia Kilwa na Gedi. Na makaburi: mengi mno kwa mji wa ukubwa ule, kwa sababu waliozikwa humo walikuwa zaidi mahujaji kuliko wenyeji. Sehemu hiyo imo katika pembetatu ya Halaib, ambayo Misri na Sudan zote zinaidai.

Humaithara haijafa. Kila mwaka, siku za kuelekea Arafa, maelfu ya Wamisri huenda kulizuru kaburi la al-Shadhili, sasa kwa mabasi na barabara ya lami, na Waababda na Wabishari, majirani wa jangwa lile tangu zamani, wanaendelea kuishi kandokando yake. Twarika ya al-Shadhili ilifika pwani yetu kwa njia nyingine, kupitia tawi la Yashrutiya la Akka. Mwishoni mwa karne ya 19 ilienezwa Komoro na Said Muhammad al-Maaruf, aliyefariki mwaka 1905, na kutoka huko ikaingia Unguja na Kilwa, ambako dhikri yake bado inasomwa.